Sabuni ya Kizibo

"Na hii ya tatu, chukua nayo," alisema Mama Christiane, akaiweka juu ya ukuta mfupi uliotenganisha viwanja vyao, ikakaa ubavuni mwa zile mbili za kwanza. "Nilinunua tatu, ninarudisha tatu. Hii moja nimeinawia mara mbili tu, unaweza kuipima."

"Mama Christiane, sabuni iliyonawiwa hairudi kwa mwenye kuiuza."

"Kumbe? Mbona harufu yangu imerudi? Tena haikurudi peke yake. Zamani nilikuwa nanuka samaki. Sasa niko nanuka samaki aliyekwenda kwenye harusi."

Bombani, ambako ndoo zilikuwa zimepangwa foleni tangu asubuhi, wanawake walicheka mpaka mmoja wao akaachia maji yakamwagika. Walikuwa wamenyamaza kwa makusudi, maana katika mtaa huo wa Kataki ugomvi mzuri haupatikani kila siku, na ukipatikana ni dhambi kuukosa kwa sababu ya ndoo.

Emérance alisimama upande wake wa ukuta na mwiko mrefu mkononi, ule wa kukorogea sabuni. Alitafuta neno la kumnyamazisha jirani, na kama kawaida ya maneno yanayotafutwa kwa haraka, lililokuja lilikuwa baya.

"Kazi yako njo samaki. Ulitaka sabuni ikufanye malaika?"

Bombani kicheko kilikatika. Mama Christiane alijifuta mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke mpana, mtu wa kaskazini ya ziwa, aliyeshuka Kalemie na watoto wake na kuanza kukausha samaki kwa moshi. Leo wanawake arobaini wa kazi hiyo wanamwita présidente wao.

"Ile ya zamani ilikuwa inanifanya," alisema. "Ile ya kizibo. Basi sikia, Mama Emérance, na hawa wote wasikie. Siku ya Mungu ya tatu kuanzia leo, wamama wa samaki tunakaa kikao. Sabuni ya Kigoma inashuka na boti kila wiki. Tukiichagua, tumeichagua. Na usiniite tena kula kwako. Mikono yangu itakuharibia ugali."

Akaingia ndani. Emérance akabaki na vipande vitatu vya sabuni ya rangi ya waridi, vinavyonukia vizuri sana.

Hao arobaini ndio waliokuwa wakinunua karibu kila kilichotoka kwenye pipa la sabuni la Emérance. Wakiondoka, pipa linapoa, na pipa likipoa, nyumba ile yenye watoto wanne inakula nini? Hénoc, mumewe, alikwisha kuongea na mtu mmoja wa Nyunzu anayetaka kulinunua pamoja na vibao vya kumiminia. "Tusikilize tu bei yake," alisema. Emérance alijua kwamba mtu hasikilizi bei ya kitu ambacho hajakitoa moyoni.

*

Kisa chenyewe mtaa mzima ulikijua, kwa hiyo hakuna ubaya kukisema. Hénoc alikwenda Kigoma, akatembea madukani, akarudi na aibu ya sabuni ya mke wake. Kwa kweli haikuwa na sura. Ilikuwa ya kijivu yenye madoadoa, kwa sababu Emérance aliweka ndani ya mawese majivu yaliyochungwa na maganda ya ndimu yaliyokaushwa na kutwangwa. Kila kipande alikigonga katikati kwa kizibo cha chupa kabla hakijakauka, na alama ya duara lenye meno ikabaki hapo. Hakuwa na sababu kubwa. Alianza hivyo siku moja ili kutofautisha vyake na vya mama mwingine waliyeazimana chanja cha kukaushia. Jina hakulipa. Wanunuzi wenyewe ndio walioiita sabuni ya kizibo.

"Sabuni inayofanana na tofali," Hénoc alisema. "Nani wa biro, wa ofisini, atainunua?"

Akatoa majivu. Akatoa ndimu. Akatia rangi, akatia marashi ya chupa, akapunguza ukubwa, na mahali pa kizibo akaweka muhuri wa ua. Chris, kijana wa simu anayetengenezea watu picha za matangazo, akamchorea mwanamke mweupe ndani ya beseni lenye povu, na juu yake jina: Belle de Paris, kwa watu wote. Picha hiyo ilizunguka katika simu za Kalemie nzima. Majuma mawili ya kwanza watu walinunua kwa udadisi, maana macho ndiyo ya kwanza kununua, na ndiyo ya kwanza kuchoka. Baada ya hapo katoni zilianza kupanda: chini ya kitanda, chini ya meza, kisha sebuleni, hata wageni wakawa wanakaa juu yake.

Hénoc alibeba katoni mbili hadi ofisi moja yenye geti la chuma, yeye ambaye kwa miaka sita aliandika barua za shirika la reli kwa mashine na kwa kalamu. Mlinzi alimtazama kuanzia viatu. "Wauza sabuni wanapita nyuma," akamwambia. Hénoc hakupita nyuma. Alirudi nyumbani na katoni zake mbili, akasema jua lilikuwa kali.

*

Asubuhi iliyofuata ule ugomvi wa ukutani, Emérance alijifunga kitenge safi akaenda kwa Papa Gérard bila kumwambia mumewe.

Papa Gérard ni mchoraji wa vibao karibu na barabara ya bandari, na watu wanamsema sana. Wanasema ni mvivu. Ukimpa kazi ya kibao, hagusi brashi. Anachukua kiti chake, anakuja kukaa dukani kwako siku tatu, siku nne, anakunywa chai yako, anasikiliza. Mwenye duka moja la dawa alimfukuza akidhani ni mpelelezi wa kodi. Lakini nenda katazame saluni ya Olga. Papa Gérard alikaa pale siku tatu, akagundua kwamba wanawake hawaji kwa sababu Olga anasuka vizuri kuliko wengine. Wanakuja kwa sababu yanayosemwa chini ya mikono yake hayatoki nje. Akachora jina, na chini yake: Ya hapa yanabaki hapa. Miaka kumi na tisa sasa. Kila rangi ikichakaa anarudia vilevile, herufi kwa herufi. Saluni nyingine sita zimefunguliwa na kufungwa kwenye barabara ile, na kwa Olga benchi bado linajaa, ingawa sisi tunaopenda habari tunaliona duka lile kama hasara kwa mji.

"Nani anakununulia?" Papa Gérard aliuliza, akisafisha brashi ambayo haikuwa chafu.

"Kila muntu, Papa."

"Simama hapo mlangoni. Ita 'Muntu'."

"Papa Gérard, mimi nimekuja na shida."

"Na mimi niko nafanya kazi. Ita."

Emérance alisimama mlangoni akaita, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ameshachekwa bombani na hana la kupoteza. Barabarani walipita watu wasiopungua thelathini. Mbuzi mmoja ndiye aliyegeuka.

Mzee akaja nyuma yake. "Mama wa ndakala," akaita, wala hakupaza sauti. Wanawake watatu wenye mabeseni ya dagaa vichwani walisimama, wakageuka wote kwa pamoja.

"Umeona," alisema. "Ukiita kila muntu, hakuna anayejua kama njo yeye. Sasa rudi, ukae na hao wamama wa samaki. Lakini usiwaulize habari ya sabuni. Ukimuuliza muntu habari ya sabuni atakujibu ya sabuni: inatoa povu, inanukia. Ni adabu tu hiyo. Wewe angalia mahali wanaona haya. Angalia wanapoficha mikono. Ukipaona mahali hapo, unikujie."

"Na bei yako?"

"Bei ya kitu gani? Sijachora."

*

Siku ya Mungu Emérance alikwenda kusali kwenye kanisa la Mama Christiane, ambako hakuwa mtu wa pale. Alikaa mabenchi matano nyuma, akiangalia kilemba cha jirani yake kuliko alivyomwangalia mhubiri, Mungu amsamehe.

Katika kanisa lile kuna desturi ya kutoka. Baada ya baraka, mchungaji anatangulia nje na kusimama kando ya mlango. Anayemfuata anampa mkono, kisha anasimama ubavuni mwake. Wa tatu anasalimia wawili, wa nne watatu, hivyo hivyo mpaka mstari unazunguka ua, na hakuna anayekwenda nyumbani bila kushika mkono wa kila mmoja. Ni desturi nzuri. Mwalimu anamshika mkono mfua nguo, daktari anamshika mkono mlinzi.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, Emérance aliona vilemba vinainuka kimoja kimoja upande wa kushoto. Wanawake walijikunja kama watu wanaopita mbele ya picha inayopigwa, wakatokea mlango wa pembeni. Alihesabu kumi na wawili, kumi na watatu. Aliwatambua. Wote ni wa samaki. Mama Christiane alikuwa wa mwisho, na Emérance akamfuata.

Wengine walishatawanyika njiani. Mama Christiane peke yake alikuwa amechuchumaa nyuma ya kanisa, penye bidoni, dumu la maji ya maua. Alitoa leso ndani ya blauzi, akafungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kijivu, chembamba kama ukucha wa kidole gumba, na juu yake bado yalionekana meno matatu ya kizibo.

Alinawa mkono wa kulia. Wa kulia tu. Akausugua kati ya vidole, chini ya kucha, akaunusa, akausugua tena. Kisha akakirudisha kipande kwenye leso bila kulowesha sehemu iliyobaki kavu.

"Umekuja kuona harufu iliyorudi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mbona mkono mumoja?"

"Hakitoshi miwili."

Emérance akakaa juu ya jiwe. Kutoka mbele ya kanisa zilisikika salamu za watu na vicheko vyao, mkono baada ya mkono.

"Zamani na mimi nilikuwa napita pembeni kama wale," Mama Christiane alisema. Hasira ya ukutani haikuwa sautini mwake, alikuwa na haraka tu. "Siku moja nilimpa mkono mwalimu wa mutoto wangu, Carmel. Akauchukua, kisha akajifuta wake kwenye rinda lake. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya bila kufikiri, na hiyo njo inauma zaidi. Nikasema basi, mimi na mstari tumeachana. Halafu nikaanza na sabuni yako. Kuna siku ya Mungu nilichelewa kutoroka, nikajikuta katikati ya watu, na mwalimu ni yule yule. Akanishika mkono, akaendelea kuongea. Akaongea, akaongea, mkono wangu bado anao. Hata leo sijui alisema nini juu ya Carmel."

Alisimama, akakunja leso.

"Hiki ni cha mwisho. Kwenye kikao sitasema hivi. Kule tutaongea bei."

Akazunguka kwenda mbele, mkono wa kulia ukiwa wazi, wa kushoto umefichwa ndani ya kitenge.

*

"Kwa hiyo unataka mimi niuze sabuni ya kutoa shombo," alisema Hénoc.

Papa Gérard alikuwa amekaa juu ya katoni ya Belle de Paris, na chai. Emérance alikwisha kusimulia yote, hadi ule mkono mmoja.

"Shombo hatutaitaja hata kidogo," mzee alijibu. "Wao wanaijua kuliko wewe. Utawaambia wanachokitaka, na wanataka kutoa mkono. Basi."

"Na watu wa biro? Tutawaacha?"

"Watu wa biro hawasalimiani? Hawali samaki? Watakuja, lakini watakuja kwa sababu wamesikia kuna kitu kinafanya kazi. Muntu hafuati duka lenye kuita watu wote. Anafuata duka ambalo wengine wanalipenda kabisa."

"Papa Gérard, pardon, lakini hayo ni ya zamani. Leo ni simu. Chris ananiambia kila juma tubadilishe picha, watu wasichoke."

Mzee alicheka kidogo ndani ya kikombe. Hakuwa mtu wa kuwadharau vijana. Picha ya Chris alishaiangalia, akaisifia povu.

"Redio ilipokuja niliambiwa brashi imekufa. Televisheni ikaja, nikaambiwa redio imekufa. Sasa ni simu. Mimi nimezika vitu vingi, Papa Hénoc, na vyote niko naviona vinatembea mjini. Weka tangazo lako kwa simu, weka kwa ukuta, weka kwa mgongo wa mbuzi. Lakini weka lile lile. Anayechoka mbele njo wewe, kwa sababu unaliona kila siku. Siku utakapolichukia kabisa, kuna mama kule Zongwe atakuwa analiona mara ya kwanza. Ukibadilisha siku hiyo, umemfungia mlango akiwa anabisha."

Hénoc alitazama kibao cha muhuri wa ua mezani, ambacho alikichonga kwa mikono yake usiku tatu, na kilikuwa kimechongwa vizuri kweli.

"Watu walikupa jina bure," mzee aliongeza, polepole. "Kuna wafanyabiashara wanalipa miaka kumi na hawapewi. Wewe ulipewa, ukalitupa kwa sababu halikuwa la Paris."

Maneno hayo yalimchoma, na Hénoc akainuka kama mtu anayetaka kufungua mlango mgeni aondoke. Emérance ndiye aliyemzuia, na hakumgusa.

"Kule kwenye geti la chuma," alisema, "ulipoambiwa upite nyuma, ulipita?"

Mumewe aligeuka. Hakuwahi kumsimulia hilo. Lakini Kalemie ni mji mdogo na mlinzi ana mke.

"Nilirudi nyumbani."

"Umeenda mara moja, ukarudi, na mpaka leo hutaki kupita barabara ile. Wale wamama wanapita nyuma kila siku ya Mungu. Sisi tulikuwa tumewafungulia mlango wa mbele, Hénoc. Halafu tukaufunga, tukaweka ua."

Hénoc alikaa tena, juu ya katoni nyingine. Chai ya mzee iliisha.

"Majivu yalikuwa ya mti gani?" aliuliza hatimaye.

*

Kazi ya sabuni haina siri kubwa, ina subira. Mawese yalichemshwa, soda ya sabuni ikatiwa kwa kipimo, majivu yakachungwa mara tatu kwa kitambaa, maganda ya ndimu yakatwangwa mpaka majirani wakauliza kama kuna msiba unaopikiwa. Hénoc alikoroga mwenyewe. Ulipofika wakati wa kugonga alama, Emérance akatafuta kizibo kwenye kopo lake na hakukiona.

"Chukua kingine," alisema Hénoc. "Vizibo vimejaa barabarani."

"Kile kilikuwa na jino moja limepinda. Wanalijua. Mama Christiane anaangalia jino kabla hajalipa."

Hénoc alijikuna kichwa. Kisha akaenda na koleo hadi mlango wa choo. Alipobadilisha sabuni alipata kizibo hicho mezani, akakitumia kushikilia msumari wa bawaba, kama watu wote wanavyofanya, ili msumari usipasue mbao. Alikichomoa, akakioshaosha, akakileta. Jino lililopinda lilikuwepo. Katikati palikuwa na tundu la msumari.

Waligonga kipande cha kwanza. Duara lenye meno, jino moja limepinda, na katikati nukta ndogo iliyoinuka.

"Imeharibika," Emérance alisema.

Papa Gérard aliikaribia kwa macho yake mabovu, akaitazama kama fundi wa saa. "Ni ile ile, na imepitia mambo," alisema. "Sasa acheni kuigusa mpaka mufe."

Zile katoni za waridi Emérance alizikata muhuri kwa kisu, kipande kwa kipande, akaziuza kama sabuni ya kufulia, bila ua wala kizibo, kwa bei ya chini. Chris alisema ni hasara, wangeweza kuzigonga kizibo na kuziondoa haraka. "Nikigonga kizibo kwa kitu kisichofanya kazi ya kizibo," Emérance alimjibu, "hata kile cha kweli kitakuwa kimesema uongo." Papa Gérard, aliyekuwa akichora, alisimamisha brashi. Baadaye aliuambia mtaa mzima kwamba katika miaka yake yote hakuna mteja aliyewahi kumfundisha kazi isipokuwa yule mama.

Kibao alikiweka kwenye ukuta unaotazama njia ya mwaloni, kule boti za samaki zinakotua, mahali wanawake wanapopita na mabeseni. Hénoc alikuwa ameandika karatasi nzima: inafua nguo, inaosha vyombo, inalainisha ngozi, namba mbili za simu, jina la mtaa. Mzee aliisoma yote kwa heshima, akaikunja, akafutia nayo brashi. Alichora kipande cha kijivu chenye madoadoa, duara lenye jino lililopinda, na maneno mawili: Toa mukono. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi moja. Wale wanaomwita mvivu walikuja kutazama wakakaa kimya.

Sabuni ilikaa kwenye chanja siku tisa. Siku ya kumi, Ijumaa, Emérance alipanga vipande vitatu juu ya ukuta mfupi, mahali pale pale, akaingia ndani bila kuita. Jua lilipoelekea kuzama alichungulia. Havikuwepo. Huenda ni jirani, huenda ni watoto. Katika mtaa wenye midomo kama ule, hakuna aliyejua, na hilo peke yake lilitisha.

*

Siku ya Mungu ya tatu, mume na mke walikwenda kwenye kanisa lile. Hénoc alivaa suti yake ya reli. Walikaa nyuma, upande wa kushoto, karibu na mlango wa pembeni, na wimbo wa mwisho ulipoanza Emérance alitazama chini kwa sababu hakuweza kutazama mlango.

Akasikia mabenchi yanalia. Akasikia viatu. Alipoinua macho, mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa vilevile, na mama mmoja wa ndakala alikuwa akipita katikati ya kanisa, nyuma yake mwingine, nyuma yake wengine watano, wakienda mlango wa mbele kama watu wote. Walikuwa saba tu. Sita wengine waliketi wakiangalia saba watapatwa na nini.

Nje, mstari ulizunguka ua. Mama Christiane alifika kwa mwalimu wa Carmel akamshika kwa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto, akautikisa mkono wa yule mwanamke mpaka pochi yake ikateleza begani. Alipofika kwa Hénoc hakumpa mkono mara moja. Alimtazama usoni, kwa sababu mtu aliyezoea kukwepwa anajua kusoma pua. Hénoc aliunyosha wake. Akaushika wa Mama Christiane, hakuuachia.

"Mama présidente," alisema, "kikao ni saa ngapi?"

"Saa nane. Hapa tunasalimiana."

Saa nane ua wa Mama Christiane ulijaa vilemba. Upande wa pili wa ukuta, Emérance alichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na Hénoc alirekebisha bawaba ya choo iliyokuwa nzima. Waliyasikia maneno ya bei, maneno ya Kigoma, sauti moja iliyosema sabuni ya Kigoma ina karatasi nzuri, sauti nyingine iliyouliza karatasi hiyo inanawa wapi. Kisha wakasikia kicheko kirefu, na hawakujua kilikuwa cha nani dhidi ya nani. Kisha viti vikaanza kukunjwa.

Uso wa Mama Christiane ukatokea juu ya ukuta.

"Ishirini na sita wamekubali," alisema. "Kumi na wanne wanasema wangojee kwanza, waone kama mutabadilisha tena. Wamenituma niulize."

Emérance alimtazama mumewe. Swali lilikuwa lake.

"Hatubadilishi," alisema Hénoc.

"Ukiichoka?"

"Nitaichoka. Halafu nitaendelea."

Mama Christiane alipima jibu hilo kama anavyopima kapu la samaki, kwa kulitazama tu. Nyuma yake moshi wa jikoni ulikuwa mwembamba, na kutoka ndani ilisikika sauti ya Papa Gérard akimweleza mtu kwamba yeye hali, anasikiliza wateja, tena mdomo umejaa.

"Yule mzee atamaliza samaki wote wa mikebuka," alisema. "Ingieni, mutoke huko, ugali umeshaiva. Na wewe Mama Emérance, njoo na sabuni. Kwangu hakuna anayetia mkono kwenye sahani kabla ya kunawa."